Nyuzi Nyekundu za Ikupa

"Mkasi kwa mtoto wa miaka minne, madamu, hiyo siyo—"

"Una ncha butu, dada Tuse, nimeshakuo—"

"—siyo elimu, hiyo ni hospitali."

"—nyesha. Hata ndizi mbivu haukati."

Walimu wawili wa darasa la awali pale shule ya msingi Makandana walikuwa wakirushiana maneno juu ya vichwa vya watoto walioketi mkekani. Tusekile alikuwa mwenye darasa kwa miaka mingi. Ikupa alikuja juzi tu na mvua za Machi, na tayari watoto waliokuwa wakining'inia kwenye sketi ya Tusekile walikuwa wamehamia ya Ikupa. Wivu ulimkaa Tusekile kooni kama mwiba wa samaki: haumezeki, hautemeki. Tena mwalimu mkuu, Erasto, alikuwa amesema kwamba baada ya siku ya wazazi atabaki mmoja. Mwingine atahamia darasa la tatu.

Mwanzoni Tusekile alicheka. Wazazi wengi wa pale huvuna chai kwa ile mikasi mikubwa ya kushikwa mikono miwili, basi na watoto wakaukamata mkasi mdogo kwa mikono miwili, wakawa wanafyeka hewa.

"Umefungua shamba la chai, madamu," alimtania mwenzake. "Bado makapu."

Ikupa hakununa. Aliupa mkono mmoja wa kila mtoto kipande cha jani kavu la mgomba. "Huyu kazi yake kushika tu," alisema. Kisha akafunga uzi mwekundu kwenye tundu la juu la kila mkasi. "Huu ni mlango wa kidole gumba. Kiingie, kiangalie juu." Akawafundisha kukata wakiwa wameketi, kutembea makali yakiwa yamefumbatwa kiganjani, na kumpa mwenzio mkasi kwa upande wa mpini. Wiki zikapita bila hata kidole kuchubuka. Tusekile hakulala vizuri.

Asubuhi ya siku ya wazazi aliwahi peke yake, akatoa kopo la mikasi. Alitaka nyuzi zile zitoke, watoto waaibike. Lakini hakuweza kuzikata. Yeye ni wa mkono wa kushoto, na tangu utotoni kila mkasi ulimtafunia karatasi bila kuikata. Siri hiyo hakumwambia mtu. Basi akazing'ata nyuzi kwa meno, moja baada ya nyingine, kama panya kwenye gunia.

Wazazi walipojaa, Erasto akiwa mbele yao, watoto waligeuza mikasi huku na huku.

"Mlango umepotea," alisema binti mmoja, Atupakisye. Akakitazama kidole gumba chake. "Lakini mwenye nyumba yupo."

Akakiingiza, kikaangalia juu, akakata jani kwa ustadi. Wenzake wakafuata. Baba mmoja mvuna chai akanong'ona, "Huyu kesho namwachia mstari wangu wa chai."

Atupakisye akainua uso. "Madamu Tuse, una uzi mwekundu kwenye jino."

Tusekile akaziba mdomo.

"Alinisaidia kuzitoa nyuzi za mikasi," alidakia Ikupa, macho makavu. "Mtoto hawezi kwenda na uzi mpaka darasa la saba."

Wazazi wakapiga makofi, Erasto naye akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Basi madamu Ikupa, darasa ni lako. Madamu Tusekile, Jumatatu uko la tatu."

Tusekile alisimama. Erasto akajiandaa kwa maneno makali, Ikupa akarudi nyuma hatua moja. Tusekile akaokota mkasi mkekani, akayafumbata makali kiganjani, akamnyooshea Ikupa mpini.

"Naomba nibaki humu, niwe msaidizi wako. Na unifundishe kukata, madamu. Mimi ni wa kushoto."

Wazee walipotuachia neno hili hawakutaja meno: mkono usioweza kuukata, ubusu.