Mtungi wa Kazija

Mlio macho semeni mpo! Basi na wao walikuwepo, akina dada watatu, wafinyanzi wa Udongoni, na kila mmoja alijaliwa kitu ambacho mwenzake hana.

Mashavu, mkubwa wao, alijaliwa pua. Akinusa udongo wa bondeni alikwambia kama chungu chake kitavuja. Mize alijaliwa mkono. Akibeba chungu kibichi, mpigie kelele sikioni ukitaka, mkono hautetemeki. Tukae, kitinda mimba, alikuwa mkaidi wa moto. Wenzake wakisema, "Kimeiva, toa!" yeye hujibu, "Kimeiva nje," na habanduki mpaka kiive ndani.

Walikuwa na dada mwingine, Kazija, ila huyo alikwisha kufa. Aliacha vitu viwili: binti aitwaye Siwema, na mtungi wa maji, mweusi, uliokaa pembeni mwa chumba. Bibi Msimu, mama yao, alitamka mbele ya watu, "Mtoto huyu ni wa nyumba nzima." Na mtoto wa nyumba nzima, mnajua wenyewe, akianguka kila mtu hudhani mwingine kamwinua.

Siwema alikuwa na miaka sita, na kukojoa kitandani alishaacha zamani. Ghafla akaanza tena. Hata mchana alikimbilia uani asifike. Akikojoa, mkojo ulimchoma kama umetiwa pilipili, kwa hiyo akajifunza kubana.

Wakubwa walifanya nini? Walicheka! "Jamani," akasema Mize, "masika mwaka huu yameanzia kitandani kwa Siwema." Tukae naye akakamata chura, akamfunga kwa kamba kiunoni mwa mtoto, kama walivyofanya watu wa huko, ili aibu imkaushe. Chura wa baridi, anapumua juu ya tumbo linalouma. Je, kuna aliyemuuliza mtoto, "Unaumwa wapi?" Hakuna hata mmoja.

Ikawa adhuhuri, vivuli vimejificha chini ya nyayo na nyumba iko kimya. Siwema alikwenda kuchota maji. Akainama na kikombe chake cha bati. Mtungi ukasema, kwa sauti ya mama yake:

"Usininywe. Ukininywa, utaungua."

Siwema hakupiga kelele. Alikirudisha kikombe taratibu. Mama alisema kweli, aliwaza: akinywa atakojoa, na akikojoa ataungua. Tangu siku hiyo akakataa maji. Midomo ikapasuka, homa ikapanda, mgongo ukauma, akatapika. Akawa anawaitikia watu wasiokuwemo chumbani. "Labeka, mama," anasema, macho kule pembeni. Na mtungi, usioguswa na mtu, ukawa unatoka jasho.

"Kazija anamtaka mwanawe," majirani wakanong'ona.

Mashavu ndiye aliyekwenda kuanika shuka. Akasimama. Akanusa, akanusa tena.

"Huu si mkojo wa utundu!" akafoka. "Umevunda. Mtoto anaharibika ndani, na nyie mmemvisha chura!"

Akaikata kamba kwa meno. Chura akaruka nyuma ya mtungi, na hakuonekana tena.

Lakini subirini, msimpigie makofi bado. Mfinyanzi hatupi mabaki. Udongo uliosalia leo hukandwa kesho. Dawa nazo walizifanya vivyo hivyo: kilichobaki cha jino la fulani, kilichobaki cha kidonda cha babu, vyote hutiwa ndani ya kijungu kimoja. Mashavu akatia mkono kijunguni, akampa mtoto vidonge viwili vitatu. Homa ikashuka, nyumba ikashangilia, kisha homa ikarudi kwa hasira. Hapo ndipo Mashavu alipombeba mgongoni mpaka hospitali.

Daktari akasikiliza, akatikisa kichwa. "Inaelekea ni maambukizi ya njia ya mkojo. Na vidonge vya kijunguni, mama, havikujua vinamtibu nani. Viliwachokoza tu wadudu. Sasa nahitaji mkojo safi. Huu mliouleta kwenye chupa ya soda utanidanganya."

Siwema akagoma. Mize, aliyewafuata, akamwosha kwa maji safi, akachuchumaa mbele yake na kichupa alichopewa.

"Nilikucheka, mwanangu," alisema chini chini. "Nikojolee hata mikono. Sitacheka."

Mtoto akalia, akauachia. Mize akauacha mkojo wa mwanzo upite, kisha akakinga wa katikati, kichupa kisiguse ngozi. Siwema kwa uchungu akampiga teke la kifua. Mkono haukutetemeka. Daktari akaanza na dawa moja, na mkojo ukapelekwa maabara, wadudu wake waoteshwe wajulikane. Majibu yakaja: wadudu hao dawa ile wameizoea, haiwatishi. Ikabadilishwa siku hiyo hiyo. Bila kile kichupa, wangekuwa wanakimbizana na kivuli.

Wakarudi nyumbani na dawa ya maji, na Tukae akaishika chupa. Siku chache tu, Siwema akawa anakula na kukimbiza kuku.

"Inatosha," akasema Bibi Msimu. "Iliyobaki tia kijunguni."

"Hapana, mama."

"Mtoto kapona, huoni?"

"Kapona nje."

Nyumba nzima ikamgeuka. Mtoto mwenyewe akamtemea dawa usoni. Tukae akajifuta, akajaza kijiko upya. Kijungu akakibeba na vyote vilivyomo, akakikabidhi hospitali. Akamnywesha Siwema dawa mpaka siku ya mwisho aliyoandikiwa, na maji juu yake, maji ya ndoo, kwani ya mtungini mtoto aliyakataa kabisa. Daktari alipompima tena, akasema, "Huyu sasa kapona kweli."

Bibi Msimu akawaita binti zake. "Mtoto aliyerudishwa kutoka mlango wa kaburi humpa maji aliyemrudisha. Atakayekunywa ndiye mama yake, naye Siwema atalala kwake. Habari ya nyumba nzima imekwisha."

"Kikombe changu hicho," akasema Mashavu. "Bila pua hii mngemzika na chura wake."

"Pua iliyompa vidonge vya kidonda cha babu?" Mize akamrukia. "Mkono wangu ndio uliomjua adui kwa jina."

"Kumjua ni kumuua?" akauliza Tukae. "Nyote mlitaka kumwacha nusu mzima."

"Nyamaza, mama chura!" akafoka Mashavu.

Siwema aliwatazama. Alikuwa na haja moja tu: mtu mmoja wa kumshika mkono, leo na kesho. Hakuna aliyemuuliza hilo pia.

"Chota," Bibi akamwambia. "Kwenye mtungi wa mama yako."

Ilikuwa adhuhuri, vivuli chini ya nyayo. Mtungi ulikuwa umenyamaza tangu dawa ilipobadilishwa. Siwema akainama, akachota, akainuka. Kikombe kimejaa. Mikono mitatu ikanyooshwa.

Nyuma yake, taratibu, sauti ikasema:

"Nami je, mwanangu? Nami nina kiu."

Safari hii wote waliisikia. Mashavu akanusa kafuri, harufu ya siku waliyomwosha Kazija. Mkono wa Mize ukatetemeka, mara ya kwanza maishani mwake. Tukae, asiyebanduka, akageuka kutaka kukimbia. Siwema peke yake hakushtuka. Alisimama katikati, wazima mbele yake, mtungi nyuma yake, na maji yakianza kumwagikia vidole.

Haya, nyie mnaopenda kuamua mambo ya watoto. Aliyenusa, aliyekinga, aliyekataa kuacha, na aliyemzaa akamwita. Mkono wa mtoto unachoka.

Je, wewe ungempa nani kikombe?