Shimo la Muhanga

Hadithi iko mlangoni!

Ifungulieni!

Imetumwa na nani?

Hatuulizi, na iingie!

Basi sogeeni karibu. Na wewe Mghoi, acha kumfinya mwenzako, maana hadithi hii inataka masikio yote mawili.

Hapo kale, kale sana, mvua ilikataa. Ilikataa mwaka wa kwanza, ikakataa wa pili, ikakataa wa tatu. Mito ikawa njia za mchanga. Nyika nzima ikabakiwa na kisima kimoja, chini bondeni, katikati ya matete.

Kisima kile kililindwa na Chui. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alijipa mwenyewe. Akatoa amri moja tu.

"Mshuke mmoja mmoja," alisema kwa sauti yake laini, "maji yasivurugike."

Wanyama wakaona ni neno la busara. Wakashuka mmoja mmoja. Wengine walipanda na matumbo yamejaa. Wengine hawakupanda. Ndugu zao walipouliza, Chui alijibu kwa upole, "Amehamia nyika ya mbali. Aliniaga vizuri."

Sasa, juu ya bonde lile aliishi Muhanga, mwenye masikio marefu na kucha za kuchimbia. Muhanga alikuwa amechimba shimo la ajabu. Lilikuwa na milango mingi iliyotawanyika vichakani, na njia zake zote zilipinda chini ya ardhi zikakutana kwenye kinywa kimoja kikubwa, uwanjani. Ukisemea mlangoni kwako, sauti yako ilitokea pale uwanjani, nzito, imebadilishwa na udongo. Kila mtu alisikia neno. Hakuna aliyemwona msemaji.

Walisema mengi mle. Nyani alimcheka Ngiri sura yake, Ngiri naye akamjibu kuhusu matako yake. Panya, ambaye hakuwahi kusema mbele ya wakubwa, alisema. Muhanga hakumziba yeyote.

Alikuwa na fahari moja. Kila mlango aliuchimba kwa kipimo cha mwenyewe. Wa Ngiri mpana, wa Digidigi mwembamba, wa Panya kama kidole. "Kila mmoja ajisikie nyumbani," alisema Muhanga. Alitaka kuwatendea wema. Kumbukeni hilo.

Siku moja sauti ikatoka kinywani mwa shimo, ikaimba hivi:

*Walioshuka ni watatu,*
*waliopanda ni wawili,*
*mmoja yu wapi?*

Wote wakageukia kinywa cha shimo. Hata Nyani akashusha mkia.

Kesho yake ikaimba tena. Keshokutwa ikaimba tena. Mmoja yu wapi? Wanyama wakaanza kusita kushuka. Waliobanwa na kiu walishuka wakitazama nyuma, na walipoona matete yakitikisika, walikimbia kabla ya kunywa.

Aliyeimba ni Mama Digidigi. Mumewe alishuka asubuhi moja akanywe maji. Hakumuaga mtu. Na Mama Digidigi alimjua mumewe: hata akienda nyuma ya kichaka, lazima aage. Muhanga alimjua mwimbaji, kwa kuwa njia zote zilipita kitandani kwake.

Chui akapanda kwa Muhanga mara ya kwanza. Alikuja polepole, akaketi, akajilamba mguu.

"Ndugu Muhanga, hujambo?"

"Sijambo, Bwana Chui."

"Hiyo sauti inatisha watoto. Sikuombi ufunge shimo lote, la. Ziba mlango wake mmoja tu, siku tatu, mambo yatulie. Wewe si mpenda amani?"

Muhanga alitazama zile kucha. Akajiambia, siku tatu ni nini? Mlango mmoja kati ya mingi ni nini? Akachota udongo, akauziba mlango wa Mama Digidigi.

Mama Digidigi alipofika, aliweka mdomo akakuta udongo. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Hata wewe, Muhanga?" Akaondoka na mwanawe nyuma yake.

Siku tatu kukawa kimya, maana wengine waliogopa kuzibiwa milango yao. Na katika siku hizo tatu, Paa akafika kutoka mbali na mwanawe mmoja, wana kiu, hawamjui mtu. Wakakaa uwanjani wasikie habari za nchi. Waliambiwa amri ya kisima tu, onyo hawakulisikia. Mtoto akatangulia kisimani, peke yake, kama amri ilivyotaka.

Jua likapanda. Jua likageuka. Mtoto hakurudi.

Paa alizunguka uwanjani akiuliza kila mmoja, "Mlijua? Mlikuwa mnajua?" Wote walitazama chini. Alipofika kwa Muhanga, Muhanga aliutazama mlango aliouziba.

Siku hiyo hiyo akaufukua mlango. Akaenda kichakani kwa Mama Digidigi, akainamisha masikio yake marefu hadi chini.

"Mama, nimekosa."

"Umekosa," alisema Mama Digidigi. "Na mimi pia naogopa, si wewe peke yako. Sasa nipishe, nikaseme."

Wimbo ukatoka tena uwanjani. Chui akapanda mara ya pili. Safari hii hakujilamba mguu.

"Muhanga, nani anaimba?"

"Bwana Chui, una mlango wako kama wengine. Kama sauti inasema uongo, nenda ukajibu. Wote watakusikia."

Chui akacheka kidogo. "Mimi nijibizane na tundu? Sikia, ndugu yangu. Usiponiambia wewe, milango yako itaniambia. Si ulimpimia kila mmoja mabega yake? Na ule uliouziba ukaufukua, udongo wake bado mbichi. Kesho jua likichomoza nitapita mlango hadi mlango. Nitajua ni nani, na nitajua analala wapi."

Akaenda zake. Muhanga akaitazama milango yake. Ule wema wake, kile kipimo cha kila mmoja, kumbe ulikuwa alama! Alikuwa ameandika jina la kila msemaji ardhini, na mwenye kucha alijua kusoma.

Akaanza kuchimba. Alifukua kila mlango, akaukandika udongo upya, akaubana hadi ukawa wa kuingia mdomo tu. Yote kipimo kimoja. Yote udongo mbichi.

Ngiri akaja juu. "Wee Muhanga! Meno yangu haya nitayaweka wapi?"

"Weka mdomo tu, Mzee Ngiri. Nimegundua kusema hakuhitaji mabega."

"Utaniumiza pua!"

"Afadhali pua, Mzee. Afadhali pua."

Ngiri akanung'unika, lakini akasaidia kukanyaga udongo. Jua lilipozama Muhanga alikuwa akiburuta mkia wake mzito mbele ya kila mlango, akifuta nyayo. Kucha zilitoka damu.

Asubuhi Chui akapanda mara ya tatu. Akapima mlango wa kwanza kwa mguu wake. Akapima wa pili: sawa. Akapima wa tatu: sawa. Akanusa udongo: wote mbichi. Akatafuta nyayo: hakuna hata moja.

Basi akamrukia Muhanga pale kinywani mwa shimo, akamlaza chini, akamwekea kucha shingoni.

"Nitajie."

"Naogopa, Bwana Chui," alisema Muhanga. "Naogopa sana. Lakini sitakutajia."

Kucha zikazama kidogo. Kichakani Mama Digidigi aliona yote. Miguu ilimwambia kimbia, mwanawe akiwa ubavuni. Akaweka mdomo mlangoni. Akafungua kinywa aimbe, wafe wote au wapone wote.

Lakini kabla hajaimba, wimbo ukatoka.

*Walioshuka ni watatu,*
*waliopanda ni wawili...*

Haikuwa sauti yake! Iliingia kwa mlango mwingine. Kisha sauti nyingine ikasema, "Mwanangu aliambiwa ashuke peke yake."

"Na mume wangu aliambiwa hivyo."

"Na dada yangu. Nikaambiwa amehamia mbali."

"Hata mimi niliambiwa ndugu yangu amehamia mbali!"

"Nani alisema tushuke mmoja mmoja?"

"Ni nani huyo?"

Chui akamwachia Muhanga, akarukia mlango huu, akarukia ule. Alitia mguu, njia ikapinda, kucha zikashika udongo. Kila aliporukia mlango, sauti nyingine ilitoka kinywani, asijue imeingilia wapi. Mpaka akachoka, ulimi nje, akashuka bondeni, akajificha kwenye matete kungoja wa kwanza wa siku.

Hakuja wa kwanza. Walikuja wote. Nyati walitangulia, pundamilia wakafuata, na watoto katikati. Maji yalivurugika kweli, yakawa tope, wakayanywa hivyo hivyo. Chui aliwahesabu kutoka kwenye matete. Walioshuka ni wote. Waliopanda ni wote.

Wiki haikwisha akahama. Nasikia alikonda sana njiani. Mimi simcheki, maana njaa humpata kila mwenye tumbo. Lakini kula ni jambo moja, na kumziba mdomo anayeuliza ndugu yake yuko wapi ni jambo jingine.

Mtoto wa Paa hakurudi. Ngojeni, msifurahi upesi. Muhanga aliuweka ule udongo aliouzibia mlango, lundo dogo, pale karibu na kinywa cha shimo, na kila alipopita alisimama kidogo.

Ndiyo maana mpaka leo muhanga huchimba mashimo nyika nzima na kuyaacha wazi. Ngiri hulala humo, nungunungu hulala humo, na muhanga haulizi nani ameingia. Na ukimfuata nyuma, utaona mkia wake unaburuta, unafuta nyayo.

Funzo lake ni hili. Anayetunza mahali pa watu kusemea ametunza na shingo zao. Asimzibe mmoja ili kumpendeza mwenye kucha, wala asiache alama za kumfikisha mwenye kucha mlangoni kwao. Na sisi tunaosikia, mwenzetu akiuliza peke yake, tuulize naye.

Hadithi yangu imetoka kwa mlango ilioingilia, nyayo zake nimezifuta.

Nani aliyeisema?

Hatuulizi!

Na aliyoyasema?

Tumeyasikia!