Kiko Kipya cha Faki Mpiga Zumari

Kiko kipya, kikohozi kile kile.

Jana mlipokuwa mkirudi kutoka kiwanjani, timu yetu imefungwa tena ikiwa ndani ya jezi mpya, mtu mmoja aliwaambia maneno hayo mkacheka. Leo mnaniuliza yalitoka wapi. Mnadhani ni ya wahenga wa kale, watu wasiokuwa na majina. Hapana. Aliyeyatamka kwanza alikuwa mke wa mtu, amekaa ukingoni mwa kitanda cha hospitali, na wala hakuwa na habari kwamba anatunga methali. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha Mzambarauni, huku huku Pemba, palikuwa na mpiga zumari jina lake Faki Shaame. Kila mpiga zumari hufika mahali akaikata sauti ili avute pumzi. Faki hakuwa akikata. Alivuta hewa kwa pua huku mashavu yakiisukuma nje ile aliyoiweka akiba mdomoni, na sauti ikatoka kama uzi usiokuwa na mwisho. Akianza mlangoni kwa bwana harusi, msafara ukapita kwenye mikarafuu, ukashuka bonde la mpunga, ukapanda mlima wa upande wa pili hadi kwa bibi harusi, ile sauti ilikuwa haijakatika. Watu wazima waliacha kuimba wakabaki kumtazama. Wapo walioapa kwamba ana pafu la tatu.

Shekhe wa msikiti alipowasikia aliwaambia, "Anayo mawili kama nyinyi. Ila Mungu akitaka kutuonyesha alichotuwekea vifuani, humchagua mja mmoja akatuonyesha kwake."

Na mtu huyo huyo alikuwa akivuta sigara tangu ujanani. Akiiweka zumari chini, huyo anatafuta kiberiti. Hakuna aliyemwonea hofu. Mwenye pumzi nyingi vile, nani angedhani zitampungukia?

Kilianza kikohozi cha asubuhi. Kisha akawa akitoka kisimani husimama katikati ya mlima, akajifanya anazitazama karafuu za watu kama zimekwiva. Baadaye akawa hawezi kumaliza sentensi ndefu bila kupumzika. Mkewe, Bi Mize, aliyaona yote hayo. Siku moja alimvalisha kanzu safi akampeleka hospitali ya mjini.

Daktari aliyewapokea aliitwa Zuwena, mwanamke mpole asiyependa kuficha jambo. Alimpa Faki kibomba kidogo chenye mshale akamwambia avute pumzi yote anayoiweza, kisha apulize kwa nguvu. Faki alitabasamu. Hilo la kupuliza si ndiyo kazi yake? Akajaza kifua, akapuliza. Mshale ukapanda kidogo ukasimama. Akapuliza tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Mshale ukasimama pale pale.

"Daktari, chombo chako kibovu," alisema.

Daktari Zuwena alikitia kipande kipya cha mdomoni. Akakipuliza mwenyewe, mshale ukaruka juu. Faki akautazama mshale ule kama mtu aliyeonyeshwa kaburi lake.

"Mzee Faki," daktari alisema, "mapafu yako yameumia. Ni ugonjwa sugu, na palipoharibika hapatarudi kuwa papya. Lakini palipobaki tunaweza kupalinda, ukaishi vizuri. Dawa ya kwanza ni kuacha sigara. Ya pili ni pampu hii ya dawa, uivute kila siku, hata siku unayojiona mzima."

Faki alijaribu kuacha, msimdharau. Chakula kilimshinda, akawa mkali hata kwa kuku waliopita uani. Aliacha, akarudia, na kila akirudia alijificha nyuma ya banda la mbuzi kama mwanafunzi. Ndipo alipokuja Khatibu.

Khatibu alikuwa mtoto wa kaka yake, mtu mzima mwenye kazi yake Unguja, na alimpenda ami yake kupita kiasi. Alimletea zawadi: kijiti cha chuma kinachong'aa, chembamba kama kalamu nene, chenye kitaa kidogo cha buluu. Ukikivuta, kitaa kinawaka, na mdomoni unatoka mvuke mweupe unaonukia embe.

"Ami, hii ni sigara ya umeme," Khatibu alisema. "Haina jivu, haina moto, haina ile harufu. Wenzetu mjini wameacha sigara kwa hii."

Faki akavuta. Akautazama mvuke ukipanda na kupotea, hauachi kitu hewani ila harufu ya tunda. Alistaajabu. "Wallahi binadamu wamefika mbali," alisema. "Moshi usiokuwa na moto!"

Kijijini wakakiita kiko cha umeme, na watu walikuwa wakipita barazani kwake makusudi ili wakione kikiwaka. Miezi ya mwanzo mambo yalionekana mazuri. Asubuhi alikohoa kidogo kuliko zamani, na hilo lilikuwa kweli. Nguo zake ziliacha kunuka. Bi Mize, aliyekuwa akimfukuza chumbani kwa sababu ya harufu, alimruhusu arudi. Kila aliyemuuliza habari ya sigara, Faki alijibu kwa fahari, "Nimeshaacha."

Basi akaona kama amepona. Pampu ya daktari akaiweka juu ya kabati. Siku ya kurudi hospitali ilipofika hakwenda. Na lipo jambo jingine ambalo hakuliona. Sigara ilikuwa ikiisha, ikazimwa, akashughulika na mengine. Kiko kile hakikuwa na kuisha. Alikivuta barazani, akakivuta shambani, akakivuta kitandani akisubiri usingizi. Kikohozi nacho kikarudi polepole, kama mgeni anayeijua nyumba na hapigi hodi.

"Baba Mbarouk, hicho kikohozi," Bi Mize alimwambia mumewe.

"Kinamalizikia," alijibu.

Mwaka ule mtoto wao wa pekee, Mbarouk, akawa anaoa. Alikuja kwa baba yake akapiga magoti.

"Baba, utanipigia?"

"Umesikia nilivyowapigia watoto wa watu," Faki alisema. "Harusi yako wewe nimwachie nani?"

Siku ya harusi, baada ya sala ya alasiri, watu walijaa mlangoni kwake hadi barabarani. Faki alivaa kofia ya kiua, akaiinua zumari, na sauti ikatoka. Ilikuwa ile ile. Walioisikia wakati wa ujana wao walitazamana, wengine machozi yakawatoka. Ngoma zikaingia, msafara ukaondoka. Wakapita kwenye mikarafuu, sauti haikukatika. Wakashuka bondeni, haikukatika. Faki mwenyewe alisikia kifua kinambana, lakini mbele yake alikiona kilemba cha mwanawe, akasema moyoni, mlima huu mmoja tu.

Katikati ya mlima sauti ilitetemeka. Ikawa nyembamba. Ikakatika.

Hakuna mtu aliyewapa amri wapiga ngoma, lakini mikono yao ilisimama yote kwa pamoja. Vigelegele vikafa midomoni. Watu wale walikuwa hawajapata kuisikia zumari ya Faki ikikatika, na kimya kilichoshuka pale kiliwaogopesha kuliko kelele yoyote. Wakamwona amesimama, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka, hewa yote ya Mungu imemzunguka na yeye haipati. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Mbarouk alikimbia kutoka mbele ya msafara akamdaka baba yake kabla hajaanguka.

Walimpeleka hospitali kwa gari lililokuwa limeandaliwa kumchukua bibi harusi. Nikaha ilifungwa jioni ile kimya kimya, bila ngoma.

Hospitali walimwekea oksijeni na dawa ya mvuke usoni, na kwa siku kadhaa hakuweza kusema zaidi ya neno moja moja. Alipopata nafuu, Daktari Zuwena akiwa bado hajapita kuwaona wagonjwa, Faki alimgeukia Khatibu, aliyekuja kwa ajili ya harusi na sasa amekaa miguuni pake.

"Kiko changu kiko wapi?"

"Ami..."

"Nipe nivute mara moja tu. Hiki si sigara, Mama Mbarouk," akamwambia mkewe, maana aliuona uso wake. "Hiki ni kitu kip..."

Hakumaliza. Kikohozi kilimshika, kikamkunja, kitanda kikatikisika. Bi Mize alimwinua mgongo, akamshika mpaka kikapita. Kisha akamfuta mdomo kwa pindo la kanga yake, akasema polepole, bila hasira, kama mtu anayejisemea mwenyewe:

"Kiko kipya, kikohozi kile kile."

Daktari Zuwena alikuwa amefika mlangoni. "Mama," alisema, "umeshayasema yote niliyotaka kuyasema."

Khatibu aliinamisha kichwa. "Daktari, mimi nilisikia ni nafuu kuliko sigara. Nilidhani namsaidia."

"Nawe hukudanganywa sana," daktari alijibu. "Kwa aliyeshindwa kabisa kuacha, huenda ni nafuu. Lakini nafuu si salama. Mapafu yaliyokwisha kuumia hayataki moshi, wala hayo manukato, wala huo ulevi wa tumbaku uliomo. Labda kingekuwa ngazi ya kushukia. Ami yako alipofika kwenye ngazi akajenga nyumba. Na pampu akaiacha."

Akamwinamia Faki, akamwekea mgongoni kile chombo cha kusikilizia kifua. Akasikiliza muda mrefu, akikihamisha huku na huku. Faki akamuuliza, "Unasikia nini humo?"

Daktari akakivua masikioni mwake, akamvisha yeye. "Wewe ni mtu wa sauti. Sikiliza mwenyewe."

Faki alivuta pumzi. Akashtuka. Kifuani mwake mlikuwa na filimbi, nyingi, nyembamba, kila moja na sauti yake, hakuna inayomfuata mwenzake. Chini ya filimbi hizo palikuwa na mchakacho kama wa majani makavu yanayokanyagwa. Filimbi zile zilianza zilipotaka, zikaisha zilipotaka, na hakuna aliyeziamuru.

"Hii ni zumari," alinong'ona. "Nani anaipiga?"

"Ni hewa yako inayotafuta njia ya kupita," daktari alisema. "Sasa nataka usikie na nyingine. Bi Mize, sogea hapa."

Bi Mize alicheka kwa haya, akajitanda kanga vizuri, akageuza mgongo. Daktari akakiweka kile chombo chini ya bega lake.

Faki alisubiri. Mwanzo alidhani hakuna kitu. Kisha akaisikia: laini, pana, kama upepo unapoingia shamba la mpunga, ukaliinamisha lote kwa pamoja, ukaliachilia, ukarudi tena. Haukukwama popote. Haukusukumwa na mtu. Aliifikiria kazi hiyo ikifanyika ndani ya kifua cha mwanamke huyu akipika, akilima, akilala, tangu siku aliyozaliwa, hakuna aliyeipigia vigelegele hata mara moja. Yeye aliyeitwa mwenye pumzi alijiona kama mtu aliyesimama mlangoni mwa nyumba kubwa, na maisha yake yote alikuwa akisifiwa kwa kizingiti tu.

Aliishika pumzi yake asije akaiharibu ile ya mkewe. Machozi yalimtoka.

"Subhana-Llah," alisema. "Mize, miaka yote nimelala ubavuni mwa kitu hiki, sijapata kukisikia."

"Utakisikiaje?" mkewe alimjibu. "Ulikuwa ukiisikiliza zumari yako."

Kile kiko alipokipata, alimrudishia Khatibu kwa mkono wake mwenyewe. "Sikulaumu, mwanangu. Ulinipa kwa mapenzi. Lakini kifua changu hakijui jina la ninachokivuta, hata ukikiita nini."

Haikuwa rahisi. Daktari alimpa dawa za kumsaidia na akamtaka aje kila mara amwone. Mara moja alishindwa, akanunua sigara moja dukani, akavuta nusu yake, akarudi nyumbani akamwambia mkewe kabla hajaulizwa. Bi Mize alimwekea chai, wakaanza upya. Pampu ikateremshwa kabatini, ikakaa mfukoni. Na hakupona, nisiwadanganye. Palipokufa palibaki pamekufa. Mlima wa kisimani akawa anaupanda kwa kituo. Lakini filimbi za kifuani zilipungua, na midomo yake haikurudia tena ile rangi.

Mbarouk alipomaliza kuezeka nyumba yake na kumleta mkewe kuhamia, watu walijaa tena barabarani. Faki alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni mwa nyumba hiyo mpya. Daktari alikuwa amemruhusu: kidogo, taratibu, na asisimame. Bibi harusi alipofika uani, Faki aliiinua zumari.

Akapiga kipande kifupi. Akakikata. Akaishusha zumari, akavuta pumzi kwa pua, akaitoa polepole kwa midomo aliyoibana kama alivyofundishwa, watu wote wakimwangalia. Kisha akapiga kingine.

Zamani, sauti ilipokuwa haikatiki, hakuna aliyekumbuka kwamba ndani yake mna mtu anayepumua. Safari hii kila alipokata, uani pote palinyamaza, na watu wakajikuta wameishika pumzi pamoja naye; alipovuta, nao wakavuta. Bibi harusi alikuwa amesimama kizingitini, mkono kifuani, wala hakuingia ndani mpaka ilipotoka sauti ya mwisho. Wazee waliokuwapo husema kwamba Faki hajapata kupiga vile alipokuwa na pumzi zake zote.

Maneno ya Bi Mize yalitoka hospitali na Khatibu. Hakuficha kwamba zawadi ilikuwa yake. Aliyasimulia Unguja kwa wenzake wenye vijiti vyao mdomoni, na wapiga ngoma wakayachukua wakayapeleka kila kwenye harusi. Ndiyo maana hadi leo, mtu akibadili chombo asibadili alichokizoea, akibadili jezi asibadili mchezo, akapumzika akidhani amepona, huambiwa polepole, bila hasira, kama mama yule alivyosema huku akimfuta mumewe mdomo:

Kiko kipya, kikohozi kile kile.