Boriti Iliyoingiza Bahari Mjini

Hapo zamani, katika mji mmoja wa mwambao, palizuka fumbo ambalo msimulizi wa hekaya hii amelala nalo na kuamka nalo miaka mingi, wala hajalifumbua: mikoko elfu imesimama baina ya bahari na mashamba, nayo ikakatwa mmoja mmoja, ni mkoko upi ukiondoka ndipo bahari hupata njia? Si wa kwanza, maana bahari haikutambua kuwa umeondoka. Si wa mwisho, maana maji yalikwisha kuingia. Basi ni upi?

Aliyelazimishwa kulijibu ni Vuai, mkulima wa mpunga asiye na kitu, ambaye mji mzima ulimwita mpumbavu, naye hakuwa na hoja ya kuupinga. Mikoko ilikatwa iwe boriti za jumba jipya la Sultani, na miongoni mwa wakataji alikuwamo Vuai mwenyewe. Alikata saba, akajiona mtu, na kwa ujira wake akanunua makubadhi. Mwaka wa pili bahari ikapanda bondeni, mpunga ukaungua kwa chumvi, hata kisima cha mtaa kikaanza kubadilika ladha.

Mkewe, Bi Mize, akaonja uji, akautema. "Mume wangu, kukosa sukari nimekwisha kuzoea, lakini chumvi hii sikuitia mimi. Nenda kwa kadhi."

"Nikamshitaki nani?"

"Sultani."

"Na yule mwingine, aliyekata saba?"

"Mshitaki naye. Hatakimbia huyo, makubadhi yanambana."

Basi Vuai akaenda barazani, katika jumba lile jipya, akamkuta kadhi, Sheikh Nasibu, ameketi ubavuni mwa Sultani, akaeleza habari yake. Sultani akacheka. "Watu mia wamekata kwa amri yangu, kila mmoja na miti yake. Ni mti upi ulioingiza bahari? Nionyeshe huo, nami nitaacha kukata. Ukishindwa, utauhama mji huu kwa kunisingizia."

Kadhi, mtu mwadilifu ila mwoga kidogo kama sisi sote, akaandika: mdai auonyeshe mti wenye kosa siku ya tatu.

Siku ya tatu Vuai akaja na ngazi na msumeno. Akapanda, akaanza kuikata boriti ya dari ya baraza, juu kabisa ya kiti cha Sultani. Unga wa mbao ukamwagikia kilemba cha kadhi. Askari wakamrukia.

"Mwacheni," akasema Sultani, aliyependa mchezo. "Ewe Vuai, wafanya nini?"

"Natafuta, Maulana. Ule wa pwani nimeshindwa kuujua, nikaona nijifunze kwa hizi. Ziko arubaini. Hii ni moja tu."

"Moja si kitu. Kata."

Ikakatika, na dari ikanyamaza. Akakata ya pili. Sultani akacheka tena, ingawa kicheko kilikuwa kifupi. Msumeno ulipoingia katika ya tatu, chokaa ikadondoka, na Sultani akasimama, akakiburura kiti chake kwa mikono yake hadi mlangoni.

"Maulana, mbona wahama? Dari haijaanguka."

"Itaanguka, mpumbavu wewe! Shuka!"

"Kwa boriti ipi? Nionyeshe, hiyo niiache, nikate nyingine."

Sultani akanyosha kidole kwenye boriti moja, akakihamishia kwenye nyingine. Kadhi akakung'uta kilemba, akasema polepole, "Hakuna boriti moja, Maulana. Nawe hukungoja dari ikuangukie ndipo usimame."

Tangu hapo watu wakamsifu Vuai kwa hekima, lakini haki haitaki tufiche neno: alikuwa bado juu ya ngazi, chini ya dari ile ile, na ni hapo tu lilipomjia wazo kwamba ikianguka itaanza na yeye. Akashuka mbio, akakosa vidato viwili, akaketi sakafuni bila ya kutaka. Sultani akacheka hata machozi yakamtoka. "Huyu amenitoa kitini bila ya jeshi! Toa hukumu, Sheikh, kabla hajapanda tena."

Kadhi akahukumu: mikoko isikatwe tena, pasi na kungoja kujua ni upi wenye kosa; watu wa mtaa wateke maji katika kisima cha jumba mpaka chao kitakapopona; na kila aliyekata, na kila aliyeamrisha, apande mingine kwa mkono wake.

Sultani akamtuma waziri akapande badala yake. Kadhi akamrudisha. Basi maji yalipokupwa, Sultani na Vuai wakaingia topeni hadi magotini, wakachomeka mbegu za mikoko, ndefu kama vijiti, safu baada ya safu, na Bi Mize akasimama ukingoni akiwaambia wote wawili kuwa wanazipanda juu chini.