Jua Lililokatazwa Kutua

Hapo zamani, katika zama ambazo Wazungu waliigawana nchi yetu kama watu wagawanavyo nyama huku mwenye ng'ombe akitazama, palikuwa na mji wa pwani uitwao Shungi, nao uliangukia fungu la mfalme mmoja wa mbali ambaye hata jina la mji huo hakuweza kulitamka. Mfalme huyo aliweka hapo gavana, mtu mrefu, mwekundu wa shingo, na watu wakampa jina la Bwana Saa.

Jina hilo alilistahili. Kila jambo Bomani lilikuwa na wakati wake, ulioandikwa na kubandikwa ukutani. Jua likichomoza, chai. Likifika utosini, chakula cha mchana. Viboko vya wakosefu vilikuwa Jumanne asubuhi. Na jua likitua, baragumu lilipigwa, bendera ikashushwa, taa zikawashwa, zamu ya askari ikabadilishwa, naye karani akageuza siku katika daftari, kwa kuwa kwetu siku mpya huanza magharibi, na desturi hiyo Bwana Saa aliikuta akaipenda. Hapo ndipo alipoletewa chakula cha jioni na kufunguliwa chupa yake. Mpishi mmoja aliwahi kuleta supu kabla ya baragumu. Akala viboko kumi na viwili, na supu ikamwagwa. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuitangulia saa ya Bwana.

Basi palikuwa na mfagizi wa baraza la Boma, Ngwali bin Faki, maskini wa kikoi kimoja. Watu walimhesabu mpumbavu, maana kutwa alifagia mchanga, na upepo ukaurudisha, naye akaushukuru upepo kwa kumpatia kazi. Mwaka mmoja, siku ya Ramadhani, alilamba mchuzi katika sahani ya Bwana alipokuwa akiipeleka jikoni. Hakuna aliyemwona, lakini roho ikamsuta, akaenda kuungama kwa Maalim Vuai, mwadhini wa msikiti wa Ijumaa. Maalim hakumkaripia. Alimwambia ailipe siku ile, kisha akamwambia kwamba mtu alambaye sahani ya mwenzake ana njaa, basi na aje kwake kila magharibi afuturu. Toka mwaka huo Ngwali hakukosa futari.

Ikawa Ramadhani nyingine, siku ya Jumatatu, wazee watatu wa mji wakaenda Bomani na waraka, na kiongozi wao alikuwa Maalim Vuai. Waraka ulisema kwa adabu nyingi kwamba watu wa Shungi wanamshukuru mfalme kwa ugeni wake, na sasa wanaomba nchi yao. Bwana Saa aliusoma, akacheka, akauliza kama wazee hawajui kwamba milki ya mfalme wake ni kubwa kiasi kwamba jua halitui ndani yake.

"Siku jua litakapotua katika milki ya mfalme wangu," akasema, "siku hiyo nitashusha bendera yangu, wala haitapanda tena."

Na kwa kuwa alipenda kila neno liandikwe, akaliandika hilo. Chini yake akaongeza amri: mtu yeyote atakayesema, kuandika au kuashiria kwamba jua limetua katika milki ya mfalme atafungwa miezi sita. Nakala moja ilibandikwa mlangoni pa forodha, nyingine akaitia bahashani kumpelekea mfalme afurahi. Wazee akawatia gerezani, na hati yao ikasema kwamba siku ya Alhamisi, merikebu itakapofika, watapelekwa kisiwa cha mbali wasirudi.

Ngwali alikuwa akifagia mlangoni. Moyo wake ukamwambia kwamba Alhamisi atakuwa hana Maalim. Akauegemeza ufagio, akaingia, akainama.

"Bwana Mkubwa, mimi ni mjinga, nataka nisikosee. Amri hii ni kwa watu wa mjini tu, au na sisi wa Bomani?"

"Kwa kila aliye chini ya bendera hii."

"Na mpiga baragumu?"

"Na mpiga baragumu. Toka, ukafagie."

Basi Ngwali akatoka, lakini hakufagia. Alikwenda kwa mpiga baragumu, kwa mpishi, kwa sajini wa zamu na kwa karani Mbwana Shee, akamkumbusha kila mmoja wao ile amri neno kwa neno, na ile miezi sita, na ile supu.

Magharibi ikafika. Watu wa mji, ambao saumu yao ni ya Mungu na si ya gavana, walitazama mbingu wenyewe, wakafuturu nyumbani kwao wamenyamaza kimya, hata kikombe kuligonga sinia kulionekana ni uchochezi. Bomani baragumu halikulia. Giza likaingia, na Bwana Saa akabaki mezani na leso shingoni. Alipochoka kungoja akamwita mpiga baragumu.

"Baragumu ni la jua kutua, Bwana," akajibu yule. "Nikilipiga nitakuwa nimeashiria."

Mpishi naye, alipoitwa, akasema chakula ki tayari, kinangoja baragumu. Bwana Saa akaona wanamfanyia mzaha, akamwamuru sajini awachape wote wawili papo hapo. Sajini akapiga saluti na kusema viboko ni Jumanne asubuhi, na leo ni Jumatatu.

Bwana akalala na njaa, gizani, bila chandarua, maana chandarua hushushwa baada ya taa kuwashwa. Asubuhi akaamka na alama za mbu usoni, akadai chai. Mpishi akamtazama kwa huzuni.

"Chai ya Jumatatu Bwana amekwisha kunywa."

Karani akaletwa na daftari lake, na kweli, lilisema Jumatatu. Jua lisilotua halichomozi mara ya pili, akaeleza Mbwana Shee, na yeye si mtu wa kubishana na serikali. Cha asubuhi kililiwa, cha mchana kililiwa, cha jioni bado.

Bwana Saa angeweza kuichana ile amri. Lakini pale juu ya amri, kwenye karatasi ile ile, palikuwa na ahadi yake na saini yake, na mtu huyu, tusimnyime haki yake, alikuwa hajawahi kukana kitu alichokitia saini. Akaapa atashinda kwa ukaidi. Siku ya pili mvua ilinyesha juu ya bendera ambayo haikushushwa, ikawa kama kitambaa cha kufutia sufuria. Askari wa zamu ya Jumatatu walikuwa wangali zamuni, wakilala wima kama punda. Mchana wa siku ya tatu Bwana alikwenda jikoni mwenyewe, mahali asipopajua, akafungua makabati manne ya sahani, na mwisho akapata kitunguu kibichi. Ngwali alimwona dirishani akikitafuna huku akilia, na hakujua kama ni kitunguu au ni Jumatatu.

Ile siku ambayo Mungu aliiita Alhamisi, merikebu ikaja. Kapteni, Mzungu mnene mwenye ndevu, akapanda hadi gerezani kuchukua wafungwa wake. Mlinzi wa gereza akamsomea hati: Alhamisi.

"Leo ni Alhamisi," akasema kapteni.

"Kwako, Bwana, uliyetoka baharini. Hapa ni Jumatatu."

Kapteni akaenda Bomani kuuliza kama mji mzima umepata homa, akamkuta gavana amekaa kitini, macho yameingia ndani, ukosi umelegea, mbele yake maganda ya kitunguu. Akaelezwa. Alicheka hata akashika ukuta, akasema habari hii ataisimulia katika kila bandari mpaka kwa mfalme mwenyewe.

Hapo jua lilikuwa linagusa minazi. Wote wakasimama barazani wakilitazama, gavana, kapteni, sajini, karani na mpishi, na hakuna aliyefungua kinywa. Likazama.

"Limetua," akasema Bwana Saa.

"Naomba maandishi, Bwana," akasema karani, "nisije nikafungwa."

Akaandika, akatia saini. Mpiga baragumu akalipuliza kwa nguvu zote za siku nne, na kile kitambaa kilichokuwa bendera kikashushwa. Mpishi alikuwa bado akipasha moto sahani, naye gavana akayumba, na Ngwali, aliyekuwa kando na ufagio wake, akamdaka mkono, akafungua pindo la kikoi na kutoa tende mbili. Moja akampa.

"Futuru, Bwana. Umefunga siku tatu bila daku, wengine wetu hatuwezi."

Bwana Saa akaila ile tende mpaka kokwa ikang'aa. Kisha akakumbuka maswali ya Ngwali siku ile ya amri, akamwuliza, kwa sauti ya chini asisikie kapteni, ni uchawi gani uliomwezesha mfagizi kulitua jua.

"Mimi sikulitua," akasema Ngwali. "Limekuwa likitua kila siku tangu mlipofika. Ni kwamba hukuwa na mtu wa kukwambia."

Mungu ni mwingi wa miujiza, Bwana Saa akacheka, kokwa ikiwa bado shavuni. Karani akaandika Ijumaa daftarini kwa wino mzito, kwa maana siku mpya ilikuwa imeanza, na Jumanne, Jumatano na Alhamisi alizimaliza kwa mstari mmoja. Alhamisi ya hati yao ilikuwa imepita, basi wazee wakafunguliwa, na katika vitanda vitatu walivyotandikiwa merikebuni, gavana akalalia kimoja.

Kesho yake mlingoti ulibaki mtupu. Wazee wakamwuliza Ngwali anataka zawadi gani, naye akasema hataki kitu, ila ana jambo la kuungama. Maalim Vuai akamketisha, akamwuliza amelamba nini tena.

"Sikulamba, Maalim. Ila alipokuwa akila kile kitunguu, nilicheka, nami nimefunga."

Maalim alitaka kumjibu, lakini kicheko kikampata na yeye, naye alikuwa amefunga pia. Basi wakakaa wawili hao barazani wakiziba midomo, wakingoja jua lao litue.