Mkono wa Kuzibua Ndiva

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maji yalipokwisha kuanza kupita kwenye kompyuta kabla ya kupita mferejini, watu wa kitongoji cha chini katika milima ya Upare walichimba ndiva, bwawa lao la kukinga maji ya kumwagilia. Mfereji ulitoka mlimani. Njiani ungegawanywa kwa jiwe kubwa: tawi moja la watu wa juu, tawi moja la watu wa chini. Nusu kwa nusu, ndiva ingejaa. Pungufu ya hapo, maharage ya chini yangekauka.

Desturi yao ilikuwa hii: aliyeleta maji ndiye huzibua ndiva mara ya kwanza, na mfereji huitwa kwa jina lake. Mkono mmoja, jina moja.

Wakaja vijana watatu wa kitongoji kile, waliosoma chuo kimoja.

Wa kwanza, Kajiru, akaupima mfereji, akauumba ndani ya kompyuta, akaweka jiwe, akamimina maji ya kuigiza. Yakapita, yakapinda, yakazunguka. Akawaonyesha watu picha: nyekundu penye kasi, bluu palipotulia.

Bibi Namkunda, mwenye shamba la mwisho, akatazama. "Mjukuu wangu, rangi nimeziona, zinapendeza. Sasa maharage yangu yatakunywa bluu?"

Watu wakacheka.

Wa pili, Nambike, akayachukua maji yale yale. Akaukata mfereji kwa mstari, kama mtu akataye muwa, nyuma kidogo ya jiwe, kwenye tawi la chini. Pale alipokata akapagawanya kuwa vijidirisha. Kila kijidirisha, kasi ya maji mara eneo lake. Kijidirisha kwa kijidirisha, akajumlisha.

"Kwa kila pumzi moja, bibi, ndoo tano. Na zinazoingia mferejini ni kumi."

Nusu kwa nusu! Mafundi wakakoroga zege la kulijengea jiwe.

Wa tatu, Elinami, akasema, "Subirini." Akapima tawi la juu kwa njia ile ile ya Nambike. Akapata ndoo saba.

"Kumi zinaingia, tano na saba zinatoka. Dada, hizo mbili umechota kwenu?"

"Umekosea wewe."

"Labda. Nionyeshe wapi."

"Basi wewe nionyeshe kosa langu!"

"Silijui. Najua tu kwamba maji hayazaani."

Mafundi wakaguna, zege lilikuwa likikauka. Elinami akaketi juu ya jiwe, wasiweze kulisogeza hadi mahali pake.

Nambike akarudi kwenye mstari wake. Akaona: nyuma ya jiwe maji yalizunguka, na mengine yalirudi yalikotoka. Yeye alichukua kasi tupu, hakuuliza inaelekea wapi. Ndoo nne zilikwenda, moja ilirudi, naye akasema tano. Safari hii akatoa. Zikabaki tatu. Tatu na saba, kumi.

"Tulikuwa tunajenga njaa," akasema.

Kajiru akalisogeza jiwe ndani ya kompyuta, akalisogeza tena, Nambike akipima, Elinami akilinganisha yanayoingia na yanayotoka, mpaka ikawa tano na tano. Ndipo zege jipya likamwagwa.

Maji yakaja. Ndiva ikajaa mpaka ukingoni, na watu wote wakakusanyika.

Kajiru akasema, "Nizibue mimi. Bila maji yangu, mngekata nini, mngejumlisha nini?"

Nambike akasema, "Nizibue mimi. Bila mstari wangu mngemwagilia rangi. Kosa nililifanya mimi, na nimeling'oa mimi."

Elinami akasema, "Nizibue mimi. Bila mimi, kosa hilo sasa lingekuwa limejengewa."

"Wewe ulikalia jiwe tu!"

"Nililikalia, ninyi wawili mkiwa mmesimama mnashangilia."

Bibi Namkunda alikuwa shambani kwake, jembe mkononi, miguu pekupeku kwenye udongo mkavu. Akapaza sauti: "Wajukuu zangu, gombaneni upesi! Maji yanaanza kumwagika!"

Kizibo ni kimoja. Mkono ni mmoja. Jina la mfereji ni moja. Ninyi mnaosikiliza, semeni kabla ukingo haujabomoka: je, nani alistahili kuzibua?