Mbuni na Viatu vya Chapa Mbili

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo sauti ya nani, ya wagonjwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nasikia watu wazima. Kaeni vizuri, wakubwa na wadogo, na mwenye moyo mwepesi ashike kifua chake. Jambo hili lilinishtua hata mimi, na mimi sishtuki ovyo. Simba aliwahi kunipigia chafya usoni nikamwambia afya.

Zamani, zamani zile za kale, wanyama walipokuwa bado wanavaa viatu, palikuwa na mbuga tambarare kama sinia. Haina mti, haina kilima. Kiangazi kikikaza, maji hubaki kwenye kisima kimoja tu, ng'ambo ya mbuga. Nayo machache. Anayekunywa kwanza anakunywa maji. Anayefuata anakunywa tope.

Basi desturi yao ilikuwa hivi. Kila kiangazi wenye mabawa wanatoa mkimbiaji mmoja, na wenye pembe wanatoa mmoja. Wanakimbia mpaka kisimani. Atakayetangulia, jamaa zake watakunywa kwanza kiangazi kizima. Hakuna rufaa, hakuna kurudia.

Wenye pembe walimtoa Nyumbu. Wenye mabawa walimtoa Mbuni. Na mwaka huo Mbuni alikuwa na vifaranga tisa. Tisa! Midomo wazi kutwa: "Mama, kiu! Mama, kiu!"

Sasa sikilizeni siri. Mbuni alikuwa na mbio, hilo halina ubishi. Lakini nyayo zake zilikuwa bapa. Akikanyaga, vifundo vinalala kwa ndani kama walevi wawili wanaoegemeana. Akikimbia bila kiatu cha kumshikilia, magoti yanawaka moto. Kwa hiyo alivaa viatu vya Mzee Nungunungu, fundi wa siku nyingi, viatu vya Chapa Mwiba. Vigumu! Vizito! Sura yake kama magogo! Lakini ndani, katikati ya unyayo, mzee aliweka kipande cha ngozi ngumu kinachozuia mguu usilale. Miaka mitatu Mbuni alivivaa. Miaka mitatu akashinda.

Zikabaki siku mbili. Akaja Tumbili.

Tumbili alikuwa mtani wa ukoo wa mbuni, tangu enzi za mababu. Akaanza mbali: "We Mbuni! Bado unatembea na majeneza miguuni?"

"Ondoka hapa, mwizi wa mahindi!"

"Shingo ndefu kama kamba ya kisima, ndiyo maana akili imechoka kupanda! Hebu tazama hapa."

Akafungua mfuko. Salaale! Viatu vyekundu kama pilipili mbivu. Soli nene, laini, ukibonyeza inabonyea, ukiachia inarudi. Chapa Upepo, kazi ya mikono yake mwenyewe.

"Na vinashikilia mguu, tena kuliko vya huyo mzee," Tumbili akasema. "Zawadi. Mtani wako nimekuletea."

Hapo ndipo penye kazi. Zawadi ya mtani haikataliwi. Ukiikataa, siku ukifiwa, mtani haji kuzika. Na msiba usio na mtani, jamani, ni msiba gani huo?

Mbuni akavichukua, akaenda navyo kwa Mzee Nungunungu. Mzee akavigeuza. Akavibonyeza. Akavinusa.

"Si vibaya," akasema, na miiba ikamsimama kidogo kwa wivu. "Kijana anajua kazi. Lakini vyangu vinakushika kwa ndani, chini kwa chini. Hivi vinakuinua juu na kukushika kisiginoni. Mguu wako haujavijua, mwanangu. Vaa hivi siku kumi za kutembea tu. Kisha kimbia navyo kidogo. Kisha kidogo tena. Keshokutwa kimbia na ulivyozoea."

"Sawa, mzee. Lakini mtani wangu je?"

"Hilo lako na lake. Ila nikikuona mbele za watu na hivi vyekundu, usije tena kibandani kwangu."

Mbuni akarudi nyumbani. Akawaza kutwa nzima. Akivaa vya mzee, mtani atanuna. Akivaa vya mtani, mzee atanuna. Akawaza, akawaza, mwisho akacheka peke yake. Amepata dawa!

Siku ya mbio ikafika. Mbio zenyewe huanza jua la utosi, kivuli kimejificha chini ya tumbo. Watu wamejaa. Vifaranga tisa wamepangwa mstari, midomo wazi. Mbuni akatokea.

Toba! Watu walishika vichwa. Mguu wa kulia, Chapa Mwiba. Mguu wa kushoto, Chapa Upepo!

Bi Kanga, mwamuzi, akamsogelea. "Shoga, umevaa ukiwa usingizini?"

"Nimevaa kwa adabu," Mbuni akajibu. "Kulia fundi wangu, kushoto mtani wangu. Nani atanilaumu?"

Mzee Nungunungu akakiona kiatu chake, akakohoa kwa kuridhika. Tumbili akakiona chake, akapiga makofi. Kila mmoja alitazama kiatu chake. Mguu hakuna aliyeutazama.

Bi Kanga akachora mstari vumbini, akapaza sauti: "Moja! Mbili! Haya!"

Nyumbu akaondoka: kwatu-kwatu-kwatu! Mbuni akaondoka: ko-fwe! ko-fwe! ko-fwe! Kulia kinagonga, kushoto kinabonyea. Kulia chini, kushoto juu. Ko-fwe! ko-fwe! Vumbi tifu! Mara Mbuni yuko mbele. Wenye mabawa wakapiga vigelegele. Wakimbiaji wakazama kwenye vumbi, wasionekane tena.

Mbuni akakimbia. Mbele yake hakuna mti. Kando yake hakuna kilima. Jua liko utosini, halimwonyeshi kushoto wala kulia. Akasikiliza kwatu-kwatu ya Nyumbu ikififia, ikififia, ikapotea kabisa. "Nimemwacha!" akasema. "Nyumbu nimemwacha!" Ko-fwe! ko-fwe! Akakaza.

Akaona umati mbele. Akaona vifaranga tisa. Moyo ukamruka. Kumbe wanangu wametangulia kisimani! Akanyoosha shingo, akapita mstari, akainua mabawa juu.

"Nimeshinda! Kunyweni, wanangu! Nimeshinda!"

Wenye mabawa wakatazamana.

Bi Kanga amefungua mdomo, mdomo umekataa kufungika. Tumbili amejishika mkia kwa mikono miwili.

"Shoga," Bi Kanga akasema polepole, "hapa ndipo ulipoondokea."

Yarabi! Mbuni akatazama chini. Alama za nyayo zake zile pale, zinaondoka mbele. Nyingine zile, zinaingia kwa nyuma. Kiatu kirefu kilikuwa kinamsukuma, kidogo kidogo, kila hatua, kuelekea upande wa kile kifupi. Alichora duara la mbuga nzima! Mimi mwenyewe nililizunguka baadaye, limeviringa kama mdomo wa chungu.

Na kutoka mbali, ng'ambo kule, ikaja sauti: "Mooo!" Nyumbu yuko kisimani. Amekunywa.

Unadhani mafundi walinyamaza? Thubutu!

"Changu kilikwenda sawa," Mzee Nungunungu akafoka. "Hicho chekundu ndicho kilichompoteza!"

"Changu ndicho kilichokimbia!" Tumbili akaruka. "Hilo gogo lako lilikuwa linaburutwa!"

Wakashikana mashati pale pale. Mbuni akakaa chini vumbini. Akavua cha kulia, akavua cha kushoto. Magoti yote mawili yanawaka. Kifaranga wake wa mwisho, Kitindamimba, akamjia.

"Mama, kwa nini ulivaa hivyo?"

"Nilimheshimu fundi, mwanangu. Nikamheshimu na mtani."

"Na sisi tisa, mama, ulituvalia kipi?"

Mbuni akamvuta chini ya bawa lake. Kiangazi kile wenye mabawa walikunywa tope mpaka mvua iliponyesha, na kila asubuhi Mbuni alilichuja kwa manyoya yake, tone kwa tone, midomo tisa.

Basi funzo ni hili, sipindishi: watu wakikutegemea, usigawe miguu yako ili kila mtu afurahi. Na kitu kipya, hata kiwe kizuri vipi, kizoee kwanza kidogo kidogo, ndipo ukibebeshe siku kubwa.

Ngano yangu imevua viatu hapa. Asiyeniamini akalipime lile duara.